Bakuli kando ya kitanda: chakula cha mwenye kidonda hapa Bukavu

Mtu akikaa siku nzima katika wodi ya upasuaji hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuna vitu viwili ambavyo hawezi kukosa kuviona. Cha kwanza ni chupa ya serumu inayoning'inia juu ya mgonjwa, ambayo familia imeinunua kwa pesa ya kukopa na inaitazama kwa matumaini ikidondoka tone baada ya tone. Cha pili ni bakuli lenye kifuniko, lililofungwa kwa kitambaa na kusukumwa chini ya kitanda, lililotoka nyumbani Kadutu au Bagira tangu asubuhi. Ndani yake mna bugali wa muhogo uliokwisha kupoa, na sombe kidogo, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mchuzi mwingi. Mwaka 2023 nilikaa kando ya kitanda cha namna hiyo kwa wiki saba, nikimlinda binamu yangu aliyegongwa na pikipiki na kuchunwa ngozi ya mguu kuanzia goti hadi karibu na kifundo. Kwa muda wote huo hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuchelewesha chupa, lakini bakuli tulilichelewesha mara nyingi, na kilichokuwamo hatukukijali. Ninaandika makala haya kwa sababu ninaamini kwamba tumeipa chupa heshima iliyo haki ya bakuli, na kwamba kosa hilo linawagharimu wagonjwa wetu wiki nzima nzima za maumivu.

Tuanze na chupa yenyewe, maana hesabu yake ni rahisi. Chupa ya nusu lita ya glukosi ya asilimia 5, ambayo ndiyo familia nyingi hununua zikisema kwamba mgonjwa "hana nguvu, apewe maji", ina gramu 25 za sukari. Sukari hiyo humpa mtu kalori zipatazo 100 au pungufu kidogo, na haina protini hata chembe. Mtu mzima wa kilo 60 mwenye kidonda kikubwa anahitaji kati ya kalori 30 na 35 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani kati ya 1,800 na 2,100. Ili alishwe kwa chupa hizo peke yake angehitaji takriban chupa ishirini, lita kumi za maji kwa siku moja, kiasi ambacho kingemdhuru kabla hakijamshibisha. Sisemi kwamba serumu haina kazi. Aliyepoteza damu au maji inamwokoa, asiyeweza kumeza inamsaidia asikauke, na kwa njia hiyo hiyo dawa huingia mshipani. Ninachosema ni kwamba serumu si chakula, wala ile ya rangi ya manjano iliyotiwa vitamini si chakula, na mgonjwa anayeweza kukaa, kutafuna na kumeza hana sababu ya kununuliwa chupa ya pili wakati bakuli lake halina kitu.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima tufuate kidogo yale yanayotendeka chini ya bandeji. Ngozi inapokatika, damu huganda kwanza. Kisha kwa siku chache chembe nyeupe za damu hujaa mahali pale kuwala vijidudu na kuondoa nyama iliyokufa, na ndiyo maana kidonda huvimba, hupata joto na kuuma hata kama hakijaoza. Baada ya hapo huja chembe za kujenga, ambazo husuka nyuzi za protini iitwayo kolajeni, huku vishipa vipya vya damu vikichipuka kati ya nyuzi hizo. Wakati huo ndipo muuguzi akifungua bandeji huona ile nyama nyekundu yenye vijipunje na kufurahi. Mwisho kovu hukaza, na kazi hiyo huchukua miezi. Kovu la wiki tatu lina takriban sehemu moja ya tano tu ya nguvu za ngozi ya awali, na hata likikomaa kabisa haliwezi kuvuka asilimia 80. Katika hatua zote hizo mwili unatumia vitu ambavyo hauwezi kuvitunga kutokana na hewa: protini kwa ajili ya nyuzi na chembe, nishati ya kuendesha kazi, vitamini C na madini ya chuma ili nyuzi za kolajeni zikazane, zinki ili chembe zigawanyike, na vitamini A kwa ajili ya ngozi mpya inayofunika juu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwili usipopewa vitu hivyo mdomoni haungoji. Unavichukua kwenye misuli. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Glasgow, mtafiti David Cuthbertson alipima mkojo wa watu waliovunjika mifupa ya miguu, akakuta kwamba walikuwa wakitoa naitrojeni nyingi mno, ambayo ni mabaki ya protini iliyovunjwa, na kwamba kiasi hicho hakikuweza kutoka mahali palipoumia peke yake. Mwili mzima ulikuwa ukijila. Kwa macho yetu tunaliona jambo hilo kila siku bila kulipa jina: mtu ameumia mguu, lakini mabega yanamchomoza na mapaja yanalegea. Kidonda cha moto ndicho kikali kuliko vyote katika hili, kwa sababu pamoja na kuwasha mwili mzima kinamwaga majimaji yenye protini, tone kwa tone, usiku na mchana. Watoto wetu wanaoungua kwa maji ya bugali yaliyopinduka jikoni huingia hospitali wakiwa na akiba ndogo kuliko ya mtu mzima, na wengine walikuwa wamekwisha kukonda kabla ya siku hiyo. Wakilala wiki mbili kwa uji mweupe, kinachofuata hakipaswi kumshangaza mtu.

Nirudi kwa binamu yangu. Mwishoni mwa wiki ya nne kidonda chake kilikuwa cha rangi ya kijivu iliyopauka, chenye unyevu, kisicho na harufu mbaya, lakini kimekaa vile vile. Muuguzi mmoja mwenye umri wa makamo alikuwa na desturi ya kukata kipande cha plastiki safi inayopitisha mwanga, kukilaza juu ya kidonda, na kuchora ukingo wake kwa kalamu ya wino mweusi. Michoro hiyo aliitunza ndani ya fishi ya mgonjwa, yaani karatasi ya kumbukumbu zake. Asubuhi ile aliuweka mchoro mpya juu ya ule wa wiki iliyopita, akaniinulia vyote viwili dirishani. Mistari ilikuwa karibu mmoja. Akaniuliza, "Kaka, jana alikula nini?" Nikajibu kwamba alikula bugali na sombe. "Na juzi?" Nikajibu vile vile. "Na nyumbani mmemkataza nini?" Hapo nilisita, kisha nikamwambia ukweli: mama mkubwa alikuwa amekataza maharage, mayai na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa sababu vinachochea kidonda na kuleta usaha. Hakucheka wala hakukasirika. Aliikunja michoro yake taratibu, akasema, "Sasa, kaka, hiyo nyama unataka aijenge na nini?"

Katazo hilo si la mama mkubwa peke yake. Nimelisikia kwa watu wa Kabare na kwa watu wa Walungu, kwa Wabembe na kwa Warega, na kila mmoja ana orodha yake, ingawa orodha hizo hukutana mahali pale pale: maharage, samaki, mayai, karanga. Ukizitazama utaona kwamba tumemwondolea mwenye kidonda karibu kila chakula chenye protini ambacho familia ya kawaida hapa Bukavu inaweza kukinunua. Sipendi kuwadharau wazee wetu, kwa sababu walitazama kwa makini, na kitu walichokiona kilikuwapo kweli. Kidonda kinachopona huwasha. Chembe za mwili hutoa kemikali zinazowasha, na mishipa ya fahamu inayoota upya huwasha pia. Sasa mgonjwa hurudiwa na hamu ya kula wakati ule ule kidonda kinapoanza kupona, anaomba maharage, anakula, na kesho yake anajikuna. Ni rahisi kuyafunga mambo hayo mawili pamoja. Tena wapo watu ambao miili yao inakataa samaki au mayai kweli, wakavimba midomo na kutoka vipele, na samaki aliyekaa juani bila kukaushwa vizuri anaweza kumwasha hata mtu mzima wa afya. Mtu wa namna hiyo aambiwe aache chakula hicho. Lakini kumtungia sheria kila mwenye kidonda kutokana na hao wachache ni kumfunga mikono fundi katikati ya kazi.

Nadhani hapa inafaa tukumbuke mambo mawili kutoka mbali, kwa sababu hakuna mtu aliyeonyesha wazi zaidi jinsi kidonda kinavyotegemea chakula. La kwanza ni la mabaharia. Katika safari ya meli za kivita za Uingereza chini ya kamanda George Anson, kati ya 1740 na 1744, watu wengi walikufa kwa ugonjwa wa kiseyeye kwa kukosa matunda na mboga mbichi, na miongoni mwa wagonjwa alikuwamo mzee aliyejeruhiwa vitani mwaka 1690. Majeraha yake, yaliyokuwa yamefunga kwa miaka zaidi ya hamsini, yalifunguka tena kana kwamba hayajawahi kupona. Kovu, kumbe, si kitu kilichokwisha. Mwili unalivunja na kulisuka upya daima, na ukikosa vitamini C unaweza kulivunja bila kulisuka. La pili ni la daktari kijana wa upasuaji wa Boston, John Crandon, ambaye mwaka 1939 alijinyima kwa hiari matunda na mboga zote. Baada ya miezi mitatu alikatwa mgongoni, na kidonda kikapona kama kawaida. Baada ya miezi sita alikatwa tena, na mara hii ngozi ya juu ilionekana kushikana, lakini ndani hapakuwa na kitu ila damu iliyoganda. Akapewa vitamini C, na kidonda kikapona. Ninalolishika zaidi katika habari hiyo ni ile miezi mitatu ya kwanza: mwili una akiba, na kwa hiyo anayekula vibaya wiki moja haoni hasara, akadhani kwamba chakula hakina maana.

Je, bakuli la hapa kwetu lina nini? Unga wa muhogo, gramu 100 zake, hauna hata gramu 2 za protini; bugali hujaza tumbo na kutoa nishati, na kwa hilo tuushukuru, lakini mgonjwa anayekula bugali peke yake anajenga kwa mikono mitupu. Wataalamu wa vidonda hupendekeza kati ya gramu 1.25 na 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, karibu mara mbili ya ile gramu 0.8 inayomtosha mtu mzima asiye na jeraha. Kwa binamu yangu wa kilo 60 hiyo ni gramu 75 kwa uchache. Nilipokaa na muuguzi kuifanya hesabu hiyo kwa vyakula vya soko la Kadutu, ilifika bila nyama ya ng'ombe hata kipande. Vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa hutoa gramu 30 hivi. Konzi ya sambaza wakavu, kama gramu 30 za uzito, hutoa karibu gramu 18. Mayai mawili ni 12. Vikombe viwili vya uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, ukiwa mzito na wenye soya ya kutosha, huongeza kama 10, na karanga za kukaanga za kujaza kiganja hufunga hesabu. Sambaza asili yao si ziwa letu hili la Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hawauzwi tu kwa wenye uwezo, kila mama sokoni anawamwaga juu ya meza yake kwa vifungu vidogo. Wapondwe wakawe unga, watiwe katika uji au katika sombe, na mgonjwa asiye na hamu atawameza bila kuwaona.

Kuhusu sombe yenyewe inanibidi niseme jambo ambalo litawaudhi wapishi. Majani ya muhogo yana protini nzuri na yakiwa mabichi yana vitamini C nyingi, lakini ni lazima yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu ili sumu yake iondoke, na katika kuchemka huko vitamini C karibu yote inapotea. Hakuna njia ya kuikwepa kazi hiyo, wala asitokee mtu wa kupunguza muda wa kupika. Vitamini C itafutwe pengine: pera moja bivu lina zaidi ya kile anachohitaji mtu kwa siku, marakuja na machungwa yapo, nyanya mbichi zipo, na lengalenga, yaani mchicha, ikichemshwa dakika chache badala ya nusu saa hubaki na sehemu yake. Mafuta ya mawese mekundu, yale yasiyochemshwa mpaka yakageuka meupe, yana kitu kinachogeuka vitamini A mwilini. Maharage yakilowekwa usiku kucha na maji yake yakamwagwa, zinki na chuma vilivyomo hupatikana kwa urahisi zaidi.

Vidonge vya zinki na vitamini vinavyouzwa mitaani ninavisemea kwa ufupi. Vinamsaidia aliyepungukiwa, asiyepungukiwa havimwongezei mbio, na zinki ikizidi kwa muda mrefu huzuia mwili kupata madini ya shaba. Mwenye kisukari sharti sukari yake ishikwe kwanza, maana kidonda chake hakitasikia chakula wala dawa huku damu imejaa sukari, na soda anazoletewa na wageni kwa upendo zinamrudisha nyuma. Mwenye ugonjwa wa figo asiongezewe protini kabla ya kumuuliza daktari. Anayevuta sigara anabana vile vishipa vya damu ambavyo chakula kingepitia.

Lipo pingamizi moja ambalo ninalichukua kwa uzito. Msomaji ataniambia kwamba watu hawakatai maharage kwa sababu ya mama mkubwa, wanayakosa kwa sababu ya umaskini, na kwamba tangu Februari 2025, mji ulipobadilika mikono na benki zikafunga milango, kuzungumza juu ya mayai mawili kwa siku ni kuwakejeli. Ni kweli kwamba zipo familia ambazo hazina la kupunguza, na kwa hizo hakuna ushauri wangu wowote utakaojaza sufuria. Hizo zinahitaji jiko la hospitali, na hospitali nyingi hapa kwetu hazina jiko, zinaiachia familia ya mgonjwa mzigo wote. Lakini nilizihesabu risiti zetu wenyewe. Katika wiki nne za kwanza tulinunua chupa za serumu ambazo daktari hakuziandika, tulizoziomba wenyewe, na vidonge vya "kuongeza damu" kutoka duka la mtaani, na pesa hiyo ingetununulia maharage na sambaza kwa muda wote aliolala. Umaskini ulikuwapo, na juu yake tuliweka kosa letu. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba jambo hili ni la pesa tu.

Tangu wiki ya tano tulibadilisha bakuli. Mama mkubwa hakushindwa kwa maneno. Alishindwa na michoro, kwa sababu muuguzi alimwita akamwonyesha ile ya wiki ya sita ikiwa imeingia ndani ya ile ya wiki ya tano kwa upana wa kidole, na nyama ya katikati ikiwa nyekundu. Sidai kwamba chakula peke yake ndicho kilichofanya hivyo. Siku zile zile daktari alikuwa ameondoa nyama iliyokufa na kubadilisha antibiotiki, na bila kazi hiyo sambaza wote wa Kivu wasingeufunga ule mguu. Ninachodai ni kwamba kazi ya daktari iliyofanywa wiki ya tano ilikuta mwili wenye kitu cha kujengea, na kwamba swali la muuguzi lingeulizwa siku ya kwanza, si baada ya mwezi.

Na hilo halihitaji mashine. Mzani upo karibu kila wodi, na mgonjwa asiyeweza kusimama anaweza kupimwa mzunguko wa mkono kwa utepe. Katika mwaka 1936, huko Cleveland, daktari Hiram Studley alionyesha kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliopoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wao kabla ya upasuaji walikufa mara nyingi kuliko wenzao, na alitumia mzani tu. Uzito wa kuingia uandikwe, na wa kila wiki uandikwe chini yake. Daktari akipita asubuhi na wanafunzi wake, akishatazama chupa na bandeji, avute bakuli lililo chini ya kitanda, afunue kifuniko na kutazama. Akikuta bugali na mchuzi, aandike kwenye fishi, mstari unaofuata jina la antibiotiki na kwa mwandiko ule ule: maharage vikombe viwili, sambaza konzi moja, pera moja, kila siku mpaka kidonda kifunge, kisha amsomee mlinzi wa mgonjwa kwa sauti, na kama mama mkubwa yupo, amsomee na yeye.